Droni ikitulia, tazama mapanga

Kwa wiki nzima droni yangu ilikuwa ikinipotea. Ikisogea, rada inaiona. Ikitulia hewani, skrini tupu. Kosa lilikuwa kwenye chujio nililoandika mwenyewe: linafuta kila mwangwi usio na mwendo, ili kuta na miti visijaze picha. Na kiwiliwili cha droni iliyotulia, kwa macho ya rada, hakina tofauti na ukuta.

Ila mapanga, yaani visu vinavyozungushwa na mota ili droni ipae, hayatulii. Yangu yana sentimita 12 kutoka katikati hadi ncha, na yanazunguka kama mara 5,000 kwa dakika. Piga hesabu: ncha inakimbia mita 63 hivi kwa sekunde! Kwa rada ya gigahezi 24, ambayo wimbi lake lina urefu wa milimita 12.5, mwendo huo unahamisha masafa ya mwangwi, yaani idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde (hezi), kwa takribani hezi 10,000. Mimi nilikuwa nachukua vipimo 4,000 tu kwa sekunde, vichache mno kufuata mabadiliko ya kasi hiyo. Nikapandisha hadi 25,000.

Nikaifunga droni kwenye meza, mota moja tu ikizunguka. Kwenye picha, muda unakwenda mlalo na masafa yanapanda wima. Nikikata ishara vipande vya milisekunde moja, kila mapanga yanapokingama mbele ya rada panatokea mmweko mwembamba wa wima: juu ni panga linalokuja, chini ni linalokwenda. Nikirefusha kipande hadi milisekunde 100, mimweko inayeyuka na badala yake inajipanga mistari ya mlalo, hezi 167 kati ya mmoja na mwenzake. Yaani mizunguko 83 na ushei kwa sekunde, mara mapanga mawili. Ishara ni ileile, dirisha tu, yaani urefu wa kipande, ndilo limebadilika. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii.

Njiwa naye anaweza kurudisha mwangwi wenye nguvu sawa na wa droni ndogo, kwa hiyo ukubwa peke yake hautoshi kuwatofautisha. Lakini bawa hupiga mara chache tu kwa sekunde. Kwenye picha ni wimbi linalopanda na kushuka taratibu.

Tatizo ni umbali. Ukizidisha mara mbili, nguvu inayorudi inabaki moja ya kumi na sita, na mapanga ya plastiki yana mwangwi hafifu tangu mwanzo. Hupotea kabla ya kiwiliwili.

Leo nimeirusha tena, mapanga yote manne. Mistari imegawanyika, kwa kuwa kila mota ina kasi yake, na upepo ukivuma naiona ikitanuka na kubanana, droni iking'ang'ania pale pale ilipo.