Wakili ukirudi nyumbani Tabora

Wakili mwanamke akirudi Tabora baada ya miaka ya Dar es Salaam au ughaibuni, anakuta ukoo umeshamwekea mashauri. Shangazi ana kiwanja Isevya kinachogombaniwa. Baba mdogo ana mirathi ambayo haijafungwa. Wifi ana ndoa inayoyumba na hataki mtu ajue. Wanakuja kwa nia njema, wengine na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mkononi, na wanaamini binti yao sasa atayamaliza yote. Nawaandikia dada wenzangu wanaofikiria kurudi wakiwa na watoto wa kulea na wazazi wa kutunza. Mji huu unawahitaji, na kazi nzuri ya sheria inafanyika hapa. Inataka mpango tu, na mpango unaanza na karatasi zako mwenyewe.

Jina kuwemo kwenye Orodha ya Mawakili hakukupi ruhusa ya kusimama mahakamani. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inataka cheti cha kufanya kazi kinachohuishwa kila mwaka. Kama ulikaa nje bila kuhuisha, lishughulikie hilo kabla hujakodi hata chumba cha ofisi. Siku hizi mtu yeyote anaangalia jina lako kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na wakili wa upande wa pili hukosi kumkuta ameshaangalia. Nyaraka iliyosainiwa na mtu ambaye cheti chake kimekwisha inawekewa pingamizi, na anayeumia ni mteja aliyeuza gunia zake za mpunga kukulipa.

Ukamishna wa viapo, yaani mamlaka ya kuapisha watu na kugonga muhuri kwenye viapo vyao, ndio unaoleta hela ndogo ndogo za kila siku katika mji wetu, na ndipo ndugu wanapokubana zaidi. "Dada, nigongee muhuri tu." Usigonge kabla mtu hajasimama mbele yako. Kiapo kinatakiwa kionyeshe jina lako, mahali na tarehe kilipochukuliwa, na kieleze kama muapaji unamfahamu mwenyewe au umetambulishwa kwake na mtu unayemfahamu. Kimoja kikikosekana, kiapo kinaweza kutupwa na maombi yote yakaanguka nacho. Tena sheria inamkataza kamishna kuapisha katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo au ana maslahi nalo. Kiapo cha mama yako kuhusu nyumba ambayo wewe ni mrithi wake mpelekee wakili mwingine, hata kama ofisi yake iko ng'ambo ya pili ya mji na mama analalamika juu ya jua.

Hapo ndipo kwenye jambo lenyewe. Tabora ni manispaa, lakini kwa wakili ni kijiji: mdai ni mjomba wa mke wa kaka yako, mdaiwa alisoma na dada yako Tabora Girls, na shahidi anauza asali jirani na kwenu. Weka daftari la majina tangu siku ya kwanza. Mtu akiketi, kabla hajaanza kusimulia, mwulize jina lake, jina la anayegombana naye, na majina ya familia zinazohusika. Angalia daftari ndipo umsikilize. Ukishasikia siri za upande mmoja huwezi tena kuusimamia upande wa pili, na katika ukoo watu wa pande zote mbili watakuja kwako wiki hiyohiyo. Msimamo wangu ni mkali hapa: shauri la ndugu dhidi ya ndugu usilishike kabisa. Wape njia, waeleze muda, waandikie jina la wakili mwenzako kwenye karatasi, kisha mwendelee kula pamoja siku ya Idi au Krismasi.

Mirathi ndiyo itakayokujia mara nyingi kuliko yote, kwa hiyo ijue vizuri kwa vitendo. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi pale sheria inayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu, na marehemu awe alikuwa na makazi yake ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo. Watu wanakosea hapa kila mara. Mzee aliishi Urambo miaka yote, akaletwa hospitali ya Kitete, akafia pale, na wanawe wakafungua mirathi mjini kwa sababu cheti cha kifo kinataja Tabora. Kinachoangaliwa ni alikoishi. Na kama marehemu alikuwa Mkristo, usikimbilie kusema Mahakama ya Mwanzo haina uwezo, wala usiseme inao: mahakama huangalia maisha aliyoyaishi mtu, kama yalifuata mila au aliyaacha. Andaa ushahidi wa jambo hilo mapema. Ikija kuonekana kwenye rufaa kwamba mahakama haikuwa na mamlaka, mwenendo wote unafutwa, mauzo yaliyofanyika yanaweza kuingia shakani, na mnaanza upya mkiwa mmeshagombana.

Nyaraka zenyewe ni chache: cheti cha kifo, fomu ya kwanza ya maombi, na muhtasari wa kikao cha familia. Muhtasari huo mahakama huutaka karibu kila mara, na ugomvi mwingi huzaliwa ndani yake. Hakikisha wajane na mabinti wametajwa na wamesaini wenyewe, na kwamba wale walioko mbali wamejulishwa kwa njia inayoweza kuthibitishwa. Tangazo likishatoka na pingamizi lisipokuwepo, msimamizi anateuliwa. Wengi hudhani hapo ndipo mwisho, kumbe hapo ndipo kazi inapoanza. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, yaani Fomu namba V, na baada ya hapo hesabu, yaani Fomu namba VI, kwa vipindi inavyopanga mahakama. Kwa mirathi ya Mahakama Kuu, orodha ni ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Kaka mkubwa akishapewa barua ya usimamizi huona amepewa nyumba. Anakusanya kodi, anauza shamba la Sikonge, na miaka inapita. Waeleze wanafamilia mapema, wakiwa bado wanasalimiana, kwamba msimamizi ni mtunzaji na mgawaji, na kwamba mrithi yeyote anaweza kurudi mahakamani kuomba atoe hesabu au aondolewe.

Kuna muda mmoja ambao ndugu wa kike huupoteza kwa sababu ya heshima. Dai la kurudisha ardhi lina ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi aliyokuwa anaimiliki marehemu mpaka anafariki, saa inaanza kwenda tangu siku ya kifo. Binti aliyenyamaza ili asiwaudhi kaka zake, akisubiri mama naye atangulie kwanza, anaweza kujikuta hana tena mlango wa kuingilia. Mwambie hivyo waziwazi hata kama anakuja kukusalimia tu.

Wosia wa wazazi wako usiuandike wewe. Wewe ni mrithi, na siku ukisomwa, kaka yako atasema uliuandika kwa mkono wako, na hatakuwa na kosa kusema hivyo. Mpeleke baba kwa wakili mwenzako, wewe ukae nje ya chumba. Kwa wosia wa maandishi wa kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa kila upande. Shahidi asiwe anayenufaika. Ukishakamilika, unaweza kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, badala ya kukaa ndani ya sanduku la nguo ambalo kila mtu ana ufunguo wake. Hati ya uwakilishi nayo ina mtego wake: baba akikupa mamlaka ya kukusanya kodi ya nyumba, mamlaka hayo yanakufa naye siku ileile. Kuendelea kupokea kodi kwa hati hiyo baada ya mazishi ni kosa ambalo hata watoto waaminifu hulifanya, kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Mashauri ya ndoa yanataka moyo mpole na jicho la karatasi. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mtu kwenda moja kwa moja mahakamani kudai talaka, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata au la taasisi ya dini, na baraza litoe hati, Fomu namba 3, likisema limeshindwa kuwapatanisha. Hati hiyo isiwe na umri wa zaidi ya miezi 6 siku mnapofungua shauri. Kinachoharibika: mama analeta barua ya mtendaji wa kata, au barua ya kiongozi wa dini inayosema tu kwamba wanandoa walifika. Hiyo haitoshi. Shauri linasikilizwa, mali zinagawanywa, halafu kwenye rufaa inaonekana hati haikuwa sahihi na mwenendo mzima unafutwa. Mwanamke aliyekuwa amepata vyumba viwili vya kuanzia maisha anarudi sifuri. Isome hati hiyo mstari kwa mstari kabla hujachukua hata senti yake. Na mama wa nyumbani akikuambia hana haki kwa sababu hakuwa na mshahara, mweleze kwamba tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Rufaa ya shauri la ndoa ina siku 45; ziandike ukutani.

Kuhusu ardhi, kwa ufupi: baraza la ardhi la kata, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu na haliamui. Likishindwa ndani ya siku 30, ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Marekebisho ya mwaka huohuo yaliwaruhusu mawakili kuingia Mahakama ya Mwanzo pale anapoketi Hakimu Mkazi, kwa hiyo uliza nani anasikiliza kabla hujamwambia mteja utasimama naye.

Sasa siku yenyewe inavyokwenda. Mahakama zinaanza saa 3 asubuhi. Shauri likiwa mjini, unapeleka watoto shule na kufika kwa wakati. Likiwa Nzega au Kaliua, zaidi ya kilomita 100, unatoka alfajiri na hujui utarudi saa ngapi, kwa hiyo siku za wilayani zipangwe siku ambazo bibi au dada wa nyumbani yupo tangu usiku wa kuamkia. Unapopangiwa tarehe, sema hapohapo mbele ya Mheshimiwa Hakimu kwamba siku fulani hufai. Kuomba ahirisho asubuhi ya shauri kwa sababu mtoto ana homa kunakubalika mara ya kwanza. Mara ya pili shauri la mteja linaweza kufutwa kwa kutohudhuria.

Kwa mama, kufungua nyaraka kwa mtandao kumekuwa msaada mkubwa. Kanuni za 2018 zinahesabu nyaraka iliyowasilishwa kabla ya saa 6 usiku kuwa ya siku hiyo. Watoto wakilala saa 2, una saa kadhaa tulivu. Ila usilale bila kulipia: chukua namba ya malipo na ulipe ada usiku uleule, maana kuna mabishano ya kutosha kuhusu nyaraka iliyopakiwa leo na kulipiwa kesho. Changanua kurasa mchana ofisini, umeme ukiwepo. Mfumo ukigoma, piga picha ya skrini inayoonyesha saa, na umwombe Msajili wa Mahakama kabla ya saa 9 alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Usiisubiri siku ya mwisho wakati wa masika. Radi moja inakata umeme mji mzima.

Fedha hapa zina msimu. Wateja wa tumbaku wa Urambo na Kaliua hulipa masoko yanapofanyika na chama cha msingi cha ushirika kikishawapa chao, hivyo makubaliano ya ada yaandikwe kwa awamu zinazofuata mavuno, yasainiwe, na hela ya mteja ikae kwenye akaunti ya wateja, mbali na ile ya ada za shule. Januari ndio mwezi mgumu: sare na karo, cheti cha uwakili, shamba linataka palizi. Anza kuweka kando tangu Julai. Kwa upande mwingine, Mahakama Kuu iko likizo kuanzia Desemba 15 hadi Januari 31, isipokuwa kwa mambo ya dharura na ya jinai, na Desemba watoto nao wako nyumbani. Safari ya kijijini na vikao vya ukoo vipangwe hapo.

Ukijifungua, zile siku 84 za likizo ya uzazi ni za mwajiriwa. Aliyejiajiri anajitengenezea zake. Mtafute mwenzako miezi mitatu kabla, na mkubaliane kugawana ada kwa maandishi. Kila jalada liwe na ukurasa mmoja juu: jina la mteja na simu yake, mahakama na namba ya shauri, hatua lilipofikia, tarehe inayofuata, siku ya mwisho ya kuwasilisha jambo lolote, na mashahidi waliobaki na wanakoishi. Mjulishe mteja nani atasimama kwa niaba yako na upate idhini yake, kisha mpigie mwenzako jioni ya kuamkia kila tarehe.