Nilivyorudi kwenye Neno nikiwa jikoni, baada ya kuharibu supu ya watu

Bwana asifiwe jamani. Naandika hii kwa sababu nimechoka na ushauri wa watu ambao mshahara wao unaingia mwisho wa mwezi wakiwa wamekaa, halafu wanakwambia dada huna muda na Mungu kwa sababu hujajipangia ratiba. Mimi nauza chapati, maharage na supu huku Tabata, naamka saa kumi kasoro, ikifika saa kumi na mbili bodaboda washajaa kwenye benchi wanagonga vikombe. Ratiba ninayo tena kali, sufuria ndo inanipangia.

Na sio kwamba sikulelewa kanisani. Nimekulia Tukuyu kwa bibi, Mmoravian wa damu, wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891 na ukimsikia bibi anavyosimulia utadhani yeye ndo aliwatengea maji ya kunawa. Kwake hukuwa unagusa uji kabla andiko la siku halijasomwa. Mistari miwili tu basi, halafu anashinda nayo shambani anaitafuna kama muwa, jioni anakuuliza asubuhi tulisoma nini. Mimi nimekuja Dar, nimeolewa, watoto watatu, biashara, nikawa Mkristo wa Jumapili, na hata hiyo Jumapili mchungaji akianza tu mahubiri mimi nawaza unga umepanda tena.

Nikaanza na Biblia ya kwenye simu. Nafungua Yohana, nafika mstari wa tatu hivi, meseji ya kikoba inaingia, nani hajaleta hisa, najibu, nikitoka hapo napita kwenye status za watu, nakuja kushtuka nimeganda namuangalia mdada anafundisha kufunga kilemba cha harusi na siendi harusi yoyote mwaka huu. Yohana nimemuacha pale pale kwenye mstari wa tatu.

Basi mpendwa mmoja akanishauri niamke saa tisa usiku, ndo saa ya maombi mazito. Siku ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu nimepiga magoti kwenye mkeka, nimeinamisha kichwa, "Baba katika jina la..." hiyo sentensi mpaka leo haijaisha. Mume wangu ananiamsha saa kumi na moja na nusu nimelala kifudifudi. Unga wa maandazi niliouweka hamira umefumuka ukanyanyua mfuniko wa ndoo, umemwagika sakafuni, paka wa jirani anaunusa. Mwanangu wa mwisho ananiangalia shavu limechorwa mistari ya mkeka anauliza mama nani kakuchora. Siku hiyo wateja wangu wote walikunywa chai kwa jirani na yeye hakuficha furaha yake.

Nikarudi kulalamika, nikaambiwa hilo ni pepo la usingizi, nifunge siku tatu kavu. Mjinga mimi nikafunga, na kazi niendelee! Hivi umeshawahi kupika supu ya ng'ombe bila kuonja? Siku ya pili nimeweka chumvi, kichwa kinazunguka, baadae kidogo nikasahau kama nimeweka, nikaweka tena. Mafundi wa ile nyumba ya ghorofa ndo walikuwa wa kwanza. Mmoja kapiga kijiko kimoja akaniangalia kwa huzuni kabisa, akasema mama, leo hii supu umechota baharini Magogoni? Maji ya kunywa walimaliza ndoo nzima, pesa nikawarudishia, hasara kama elfu arobaini hivi, na mimi kuanzia hapo nikafuturu bila kumuuliza mtu. Sisemi kufunga kubaya, nafunga mpaka leo ila Jumapili nisipopika.

Kilichonisaidia nilikiona nikikanda chapati. Ukishamaliza kukanda unga unaufunika upumzike, dakika kama ishirini, na hizo dakika ndo nilikuwa nazipeleka kwenye simu. Nikakumbuka mistari miwili ya bibi. Nikakumbuka pia Zaburi ya 119, ile ndefu ambayo tukiwa watoto tulikuwa tunaikimbia, ina mistari 176, lakini imekatwa mafungu 22 kufuata herufi za Kiebrania, kila fungu mistari minane tu. Mistari minane hata mimi naiweza! Nikanunua daftari kubwa la kaunta, usiku naandika fungu moja kwa maandishi makubwa, nachana karatasi, naibandika ukutani juu ya meza ya kukandia kwa uji wa ngano. Sigeuzi kurasa, kwahiyo mikono iwe na unga isiwe na unga haijalishi (kuna mzee wa kanisa alisema nalidharau Neno kwa kulibandika karibu na mafuta, nikamkaribisha chapati mbili, akala). Nasoma kwa sauti, naomba kidogo hapo hapo, nasukuma. Siku sita kwa wiki, mwezi haujaisha nimemaliza zote 22, naanza upya.

Na ukikaa na mistari michache inakufuata. Ule wa 25, "Nafsi yangu imeambatana na mavumbi", mimi mwenyewe niko mweupe unga mpaka kwenye nyusi. Ule wa 83 ndo ulinimaliza, "nimekuwa kama kiriba katika moshi". Kuni zilikuwa mbichi siku hiyo, macho yanatiririka, nikacheka peke yangu, huyu mtu kumbe anajua jiko la uwani.

Simu sasa. Wanasema zima. Nizime vipi na wateja wanalipa kwa lipa namba? Nilichofanya laini ya biashara nimeihamishia kwenye kitochi, sijui elfu ishirini na kitu, meseji za malipo zinaingia huko. Simu kubwa inalala kwenye ndoo ya mchele chumbani mpaka saa nane mchana, yaani ukiitaka uingize mkono mpaka kwenye kiwiko, na ukitoka hapo mkono wa gauni umejaa vumbi la mchele, watoto wanajua mama kaenda kuchungulia status. Wiki ya kwanza niliingiza mkono kama mara kumi. Sasa hivi mara moja moja, mbili.

Kitu sikutegemea ni wale bodaboda. Wakisubiri chai macho yao yako wapi, si ukutani. Mmoja ni Muislamu, hakosi, na ndo msomaji wangu mkubwa kuliko hata wapendwa. Juzi kaniita, mama njoo, hapa jana hapakuwa sawa. Nikamwambia vipi? Akasema karatasi zako zote zina mistari minane, hii umeweka saba. Nikaenda kuangalia kwenye Biblia mikono imejaa unga, kweli, nimeruka wa 84.