Barabara ya Mweka

Nimerudi Mwanza tangu juzi usiku, na nikishuka ngazi mapaja bado yanalia. Naandika kabla maumivu hayajaisha, maana yakiisha nitajishughulisha na mengine na haya nitayaacha yapite.

Chuoni tuliitana kwa miji tulikotoka. Mwaka 2008 tulipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chumba kile cha hosteli ya Mabibo kilikuwa cha Songea, Tanga na Moshi. Mimi, Mwanza, sikuwa na chumba; jina langu halikutoka kwenye orodha ya malazi. Songea ndiye aliyenibeba. Waliopita Mlimani wanalijua neno hilo: ukikosa nafasi unalala kitanda cha mwenzako, yeye amekubeba na wewe umebebwa. Kile kitanda kilikuwa chembamba hata kwa mtu mmoja. Tulilala mzungu wa nne mwaka mzima, kichwa changu miguuni pake, na sikumbuki usiku hata mmoja alioguna.

Mama yake naye alinibeba kwa namna yake. Bumu, yaani pesa za mkopo wa wanafunzi, likichelewa, na lilikuwa likichelewa kweli, mzigo ulitoka Songea kwa basi: unga wa mahindi na dagaa wa Nyasa. Tuliufuata Ubungo kwa miguu ili tusitoe nauli. Juu ya kiroba mama alikuwa ameandika kwa wino mzito majina mawili, la mwanawe na langu. Langu alilikosea herufi moja, na akaendelea kulikosea hivyo hivyo hadi tulipohitimu mwaka 2011. Nililipenda jina lile lenye kosa kuliko lililo kwenye cheti changu.

Mama huyo alifariki mwaka 2022, nami sikwenda kumzika. Nilikuwa na wiki tatu tu kwenye kazi mpya, nikaogopa kuomba ruhusa. Nikatuma rambirambi kwa simu, nikaandika ujumbe mrefu wa pole, nikaona nimemaliza. Tangu hapo mimi na Songea tukawa watu wa kusalimiana kwenye kundi la simu: heri ya mwaka mpya, hongera kwa mtoto, basi.

Kwa hiyo Moshi alipotuandikia mwezi wa Desemba kwamba mwaka huu lazima twende kwake tukimbie Kilimanjaro Marathoni, nilikubali haraka, kisha nikakosa usingizi. Mbio zile zipo tangu 2003, na chuoni tulikuwa tukiahidiana kwamba tukipata kazi tutakwenda. Tulijiandikisha wote wanne kilomita 21. Nilifanya mazoezi miezi miwili, alfajiri, na kila nikikimbia nilikuwa natunga sentensi za kumwambia Songea.

Safari ya basi kutoka Mwanza ni ya siku nzima: Shinyanga, Singida, Katesh chini ya Mlima Hanang, Babati, Arusha. Nilifika Moshi usiku. Songea alikuwa ametangulia, amelala njiani Dar es Salaam, na Tanga aliingia saa chache kabla yangu. Alinikumbatia mlangoni akisema, "Shoga yangu, umekuwa mama mtu mzima!" Songea alinipa mkono. Aliuliza habari za safari, za watoto, za mume. Mkono wake ulikuwa wa moto na uliachia mapema.

Jumamosi ilikwisha kwa kufuata namba za mbio, kula mtori wa mama mkwe wa Moshi na kucheka mambo ya zamani: nani alinusurika kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, nani alikimbilia mtihani kwenye kumbi za Yombo akiwa na kandambili. Tulicheka sana. Mimi na Songea tulicheka pamoja, lakini kila mmoja akimtazama Tanga.

Jumapili, mwisho wa Februari 2025, tulifika Uwanja wa Ushirika bado kuna giza. Kulipopambazuka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi yote, nyeupe juu, na watu wengi hivyo wakanyamaza kidogo wakiitazama. Tanga alikuwa na haraka. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umebakiza wiki moja, na alisema anataka medali yake kabla ya mfungo. Mbio zilipoanza yeye na Moshi wakatangulia. Mimi nilibaki na Songea.

Asiyeijua barabara ya Mweka niseme hivi: ukishauacha mji, ni kupanda. Hakuna ujanja mwingine. Unapanda katikati ya migomba na kahawa, unasikia maji ya mfongo, mfereji wa Wachaga, yanapita kando bila kuyaona, na watoto wamesimama ukingoni wamenyoosha viganja ili uwapige. Kwenye kilomita ya saba Songea alianza kutembea. Nikatembea naye. Aliniambia niende, nisimsubiri. Nikasema sina haraka.

Zile sentensi za miezi miwili zote zilinitoka kichwani. Nilichoweza kusema ni, "Songea, sikuja kumzika mama."

Alitembea hatua nyingi kabla ya kujibu. Alikuwa na kikombe cha maji mkononi, cha karatasi, na alikuwa akikikunja ukingo wake kidogo kidogo kama mtu anayesuka ukili.

"Baba aliuliza mara mbili," alisema. "Yule wa Mwanza amefika? Nikamwambia yuko njiani."

"Kwa nini ulisema niko njiani?"

"Kwa sababu nilijua uko njiani."

Nilisimama. Watu walitupita kushoto na kulia. Yeye hakusimama, ikabidi nimfuate, na ndipo nikaona kwamba analia huku anatembea, bila kufuta uso. Nilianza kumweleza habari ya kazi akanikata. Alisema ya kazi aliyajua, wengi walikuwa na ya kazi. Kilichomkaa moyoni ni kwamba sikupiga simu hata baada ya matanga, ili asikie sauti tu. Pesa ilifika, alisema, na sauti haikufika. Sikuwa na la kujitetea na sikulitafuta. Nikamwomba msamaha palepale, kwa maneno mafupi, nikihema.

Hadi tunageuza kule Mweka mawingu yalikuwa yameshafunika mlima. Kushuka nako kuna adhabu yake: paja la kulia la Songea lilikaza, akaniwekea mkono begani, tukateremka hivyo kilomita nyingi. Wakati fulani alianza kunisimulia siku za mwisho za mama. Alisimulia polepole, na vitu vyote: dawa, chakula alichokuwa akikikataa, wimbo wa kanisani alioutaka kila jioni. Nilisikiliza. Haya nilipaswa kuyasikia mwaka 2022 nikiwa nimekaa naye kwenye mkeka.

Tuliingia uwanjani kwa saa 2 na dakika 54. Tanga na Moshi walikuwa ukingoni wamevaa medali zao, wakipiga vigelegele. Walituona tulivyolia, hawakuuliza.

Siku ya kuondoka, stendi, Songea alinieleza kwamba mwezi wa saba wanajengea kaburi na kutakuwa na misa, kijijini kwao upande wa Peramiho. Baba bado yupo, na ameshaambiwa kwamba nimealikwa.

Leo asubuhi nimeandika barua ya likizo. Nimeomba siku sita: mbili za kwenda, mbili za kukaa na baba, mbili za kurudi. Mchana nilimpigia Songea kumwambia. Tuliongea hadi salio likakatika, akanipigia yeye.