Kibanda cha mgongoni mwa pikapu: nilichoweka, nilichokataa, na umeme nilioutegemea

Saa nane za usiku, Chakama, niliamshwa na ukimya. Friji iliyokuwa ikivuma miguuni pangu ilikuwa imenyamaza, na kipimajoto kilionyesha nyuzi 14. Ndani mlikuwa na chanjo za kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, na za mbuzi, ambazo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 tangu dukani hadi kwa mnyama. Nikawasha tochi, nikaangalia betri: imejaa. Umeme upo, friji haifanyi kazi. Kulipokucha wenye kuku walianza kufika na matenga yao, wengine wametoka mbali kwa miguu. Ilinibidi niwaambie sitachanja, kwa kuwa siwezi kumpa mfugo wa mtu dawa nisiyoiamini. Mama mmoja alikuwa amebeba kuku kumi na mmoja. Uso wake sijausahau.

Mimi ni mhudumu wa afya ya mifugo, makao yangu Malindi. Nina njia mbili: moja hufuata mto Sabaki kupitia Kakoneni na Langobaya hadi Chakama, nyingine huvuka daraja la Sabaki kwenda Marafa na Adu. Kwa miaka mingi nilibeba chanjo kwa boksi la barafu na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, maana barafu haingoji. Nusu ya siku iliishia barabarani. Nikiwa na pahali pa kulala na baridi ya kudumu, ningeweza kukaa huko siku nne na kuzunguka mtaa kwa mtaa. Ndipo nilipoamua kujenga kibanda cha kulala juu ya pikapu.

Kwenye daftari langu la kwanza niliandika: AC, maikrowevu, birika la umeme, choo cha ndani, bomba la kuogea, televisheni. Nilikuwa nimetazama sana picha za vibanda vya Wamarekani. Vya kwao ni vizuri, lakini vingi hukaa juu ya magari makubwa kuliko Hilux yangu, tena vimefungwa vizuri na kuwekwa hita ili kuzuia baridi. Hapa kwetu mtu anahangaika kutoa joto.

Fundi niliyempata ni mzee wa Matondoni, Lamu, aliyejenga mashua tangu ujana wake kabla ya kuhamia kwa mwanawe hapa Malindi. Alilisoma daftari kimya, kisha akaniuliza, “Mwanangu, wabeba nini?” Nikamwambia: chanjo, mwili wangu na maji. “Basi hayo matatu yaandike juu. Haya mengine tutayaona kama nafasi ipo na uzito upo.”

Uzito ndio ulioyafuta mengi. Pikapu yangu ya kebini moja hubeba kama tani moja, na ndani ya tani hiyo hesabu kibanda, maji, betri, vifaa, dereva na abiria. Mzee alitumia mabomba ya alumini ya pembe nne na plaiwudi ya baharini, akaifunika kwa faibaglasi. Skurubu zote ni za stenlesi, kwa sababu hewa ya chumvi ya Malindi hula chuma cha kawaida ukiwa unakiangalia. Kikiwa kitupu kibanda kilipimwa kilo 290. Maji ni lita 60, yaani kilo 60, na aliyaweka chini kabisa, nyuma tu ya kebini. Alisema chombo chenye uzito juu huyumba, na barabara ya Chakama ina makorongo yanayotosha kukupindua. Kibanda kina miguu minne yenye jeki, kwa hiyo nikiwa nyumbani nakishusha uani na pikapu inabeba chakula cha mifugo. Choo ni ndoo yenye kifuniko. Kuoga ni nje.

Kuhusu joto nilimwachia yeye, na sikukosea. Alitoboa madirisha mawili yanayoelekeana, moja chini upande wa kulia na jingine juu upande wa kushoto, yote na wavu wa mbu, ili hewa baridi iingie chini na ya moto itokee juu. Paa ni mbili, katikati mna nafasi ya vidole vitatu, na ya nje imepakwa rangi nyeupe. Nikifika pahali naangalia kwanza upepo, kama ni kaskazi au kusi, ndipo naegesha. Usiku wa mwezi wa tatu, kaskazi inapofifia, bado kuna jasho, lakini kwa feni mbili ndogo napata usingizi.

AC niliifuta kwa hesabu. Chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa kinazofanya kazi, utapata wati-saa. AC ndogo ya wati 600 kwa saa 8 za usiku inakula wati-saa 4,800. Friji yangu ya kompresa, inayofunguliwa juu, hula wati 45 ikivuma, na kwa joto letu huvuma karibu nusu ya siku nzima: wati-saa 540. Feni mbili za wati 10 kwa saa 9 ni 180. Taa 20. Simu na kompyuta 80. Jumla 820 kwa siku. AC peke yake ingekula umeme wa karibu siku sita za kazi yangu. Birika la wati 2,000 nalo lingevuta zaidi ya ampea 160 kutoka kwenye betri ya volti 12, na waya wa kubeba moto huo una unene wa kidole. Nachemsha chai kwa gesi, mtungi wa kilo 6, uliowekwa kwenye kisanduku chenye tundu la kutolea hewa sakafuni, kwa maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini.

Friji yenyewe niliichagua ya kufunguliwa juu kwa sababu baridi ni nzito: ukifungua kifuniko inabaki ndani, ukifungua mlango wa ubavuni inamwagika miguuni. Niliwahi kushauriwa ya gesi. Zile zinataka gari likae sawasawa, na mimi nalala pahali penye miteremko.

Kwenye betri nilikosea kwanza. Nilinunua ya asidi ya ampea-saa 100 kwa kuwa ilikuwa rahisi. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo zile ampea-saa 100 kwa kweli ni 50, na mimi niliimaliza kila usiku. Miezi saba tu ikawa haishiki chaji. Ya pili nilichukua lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, volti 12.8, ampea-saa 100. Hiyo ni wati-saa 1,280, na karibu zote zinatumika. Ina uzito wa kilo 12. Ile ya asidi ilikuwa 29. Bei iliniuma, lakini ukigawa kwa miaka itakayodumu, ile rahisi ndiyo ghali.

Lithiamu ina jambo lake. Volti zake hazishuki polepole kama za asidi. Hukaa palepale halafu zinaanguka ghafla mwishoni. Ukiangalia volti utadhani imejaa. Nunua mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Na usiiunge moja kwa moja na alteneta, ile mashine ya injini inayozalisha umeme wa gari, itavuta moto mwingi hadi iiunguze alteneta. Kati yao nimeweka chaja ya ampea 20. Saa moja ya kuendesha hunipa kama wati-saa 250.

Sasa sola. Nilitaka paneli mbili za wati 100 juu ya paa, zilale bapa. Malindi iko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na jua la mchana hukaa karibu na utosi, hakuna haja ya kuziinamisha. Lakini mtu mwenye akili akifika Langobaya adhuhuri huegesha wapi? Chini ya mwembe. Na chini ya mwembe paneli haifanyi kitu. Nikiegesha juani friji inavuma bila kupumzika, nikiegesha kivulini betri hailishwi. Safari mbili nilihangaika hivyo, nikisogeza gari kila saa, hadi nikaishusha paneli moja, nikaiunga kwa waya wa mita 8, nikawa naiweka juani na gari likabaki kivulini. Zimeungwa sambamba, si kwa mfululizo. Za mfululizo moja ikifunikwa na kivuli inaidhoofisha na ya pili. Jenereta sikuitaka. Moshi wake una hewa inayoua mtu usingizini bila harufu, na upepo wa usiku hugeuka.

Nirudi kwenye ule usiku wa Chakama. Aliyenifungia umeme alitumia waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5 kutoka betri hadi friji, mita 5, na mwisho wake akaweka soketi ya kiberiti cha gari ambayo ililegea kwa mitikisiko. Kompresa inapoanza huvuta moto mwingi kwa sekunde chache. Volti zikaanguka njiani, na friji ikaona betri imekwisha, ikajizima. Betri haikuwa na kosa. Nilibadilisha waya nikaweka wa milimita za mraba 6, nikaondoa soketi nikaunga kwa skurubu, na fyuzi nikaiweka karibu kabisa na betri, maana waya ulio kabla ya fyuzi hauna anayeulinda.

Nilirudi Chakama baada ya wiki tatu. Yule mama alikuja, tenga lake likiwa jepesi. Kideri kilikuwa kimepita. Walibaki wanne, nikawachanja bila malipo, wala hakunilaumu.

Masika ya mwaka huu nilikaa Adu siku tatu bila jua. Siku ya pili mita ilisoma asilimia 41. Siku ya tatu 19, na feni moja nilikuwa nimeizima. Nikawasha gari, nikaenda hadi Marafa na kurudi, nikapata ya kuifikisha friji asubuhi, na kipimajoto hakikupita nyuzi 6. Mafuta yale niliyachoma kwa ajili ya umeme tu. Kabla ya masika ijayo naongeza betri ya pili kama hii. Nafasi yake mzee aliiacha tangu mwanzo, chini, kando ya maji.