Alikuwa darasa la tisa

Kuna jibu la R., Mpalestina ninayefanya naye kazi, limenikaa kooni tangu Jumatatu. Tulikuwa chumba cha chai, anachovya mkate kwenye chai yao ile ya majani ya maramia, mkuu wa zamu akamuuliza, tena kwa upole: "Lakini hao Hamas si mliwachagua wenyewe?"

R. hakunyanyua hata macho. "Nilikuwa darasa la tisa." Akaendelea kuchovya.

Nalisikia kwenye basi, nalisikia nikipika, hata Ijumaa wazee wanajibu posa ya mdogo wangu (wamekubali, alhamdulillahi) mimi nilikuwa nalo kichwani. Kwa sababu swali lile huulizwa kama hukumu. Kura ya bunge la Wapalestina ilipigwa tarehe 25 Januari 2006. Kwenye orodha za taifa Hamas walipata kama asilimia 44, Fatah, chama cha Rais Mahmoud Abbas, 41. Majimboni Fatah wakagawana kura wao kwa wao, ndipo viti vikawa 74 kwa 45. Mwaka uliofuata wakapigana, Hamas wakabaki na Gaza, Fatah Ukingo wa Magharibi. Rais Abbas alichaguliwa 2005 kwa miaka minne na bado yumo. Mpalestina ambaye hajafika miaka 35 hajawahi kuchagua bunge wala rais. Na karibu nusu ya watu wa Gaza ni watoto! Hao wanaadhibiwa kwa kura ya nani?

Jana lakini R. alicheka, na mimi nikafurahi mno kumwona anacheka. Alikuwa ananihadithia mwaka 2021, uchaguzi ulipotangazwa. Kaka yake huko Khan Younis, Gaza, alijiandikisha, orodha za wagombea zikafika 36, na nyumba nzima ikavurugika: mama na orodha yake, kaka na yake, mama akamnyima maqluba, wali wao ule, mpaka abadili msimamo. R. akamwigiza mama yake anavyofunika sufuria kwa mikono miwili. Mwisho wa Aprili Abbas akaahirisha, akasema Israeli haijaruhusu kura ipigwe Jerusalem Mashariki. Mpaka leo.

"Ule ugomvi," akaniambia, "ndio ninaoutaka."

Kaka yake sasa anaishi hemani.

Nami hapa nimempigia mama Unguja, kumbe dawa za presha kaziacha tena, eti zinamlegeza. Kesho nitamtuma shangazi aende akamkalie mpaka ameze.