Mabinti wa Selofehadi walirudi tena

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno letu wiki hii ni Hesabu 27:1-11. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa wanasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote. Baba yao amefia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume, na kwa utaratibu uliokuwapo wao hawana chao. Wanaomba wapewe milki pamoja na ndugu za baba yao. Musa hakuwajibu papo hapo. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba wanawake hao wamenena haki.

Hapo ndipo moyo wangu umekaa wiki nzima, kwa sababu ya baiskeli.

Wengi wenu mmeniona nikipita. Napenda kuendesha, napenda sana. Napenda barabara ya kutoka hapa Tabora kwenda Sikonge alfajiri, malori yakiwa bado hayajachangamka, miombo kushoto na kulia, baridi ya Juni ikiuma vidole. Hufika mahali pumzi ikatulia, miguu ikazunguka yenyewe, nami nikajikuta naomba bila kutafuta maneno. Aliyenipa mapafu haya ni Mungu, na ninapokazana kwenye mwinuko namshukuru kwa kila pumzi. Huko hukutana na warina asali wakitoka porini: ndoo huku na huku, nyingine juu ya karia, zimekazwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, na mwenyewe anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshikilia mzigo usiyumbe. "Mwangaluka, dada!" wananisalimu, yaani habari za asubuhi. Hawashangai kuniona.

Wanaoshangaa ni watu wa mashindano. Mkoa wetu unaishi kwa baiskeli, na wanawake tunabebea maji, mahindi na watoto bila mtu kuuliza neno. Ikifika siku ya mbio, tunaambiwa tutakimbia mwishoni muda ukibaki, na muda haubaki. Au tunakimbizwa kipande kifupi, wanaume wapewe fedha, sisi tupewe kanga. Unatazama mstari wa kuanzia, humwoni anayefanana nawe. Inauma, jamani. Na inauma zaidi mpendwa mwenzako anapokuambia unyenyekee, michezo siyo ya binti anayetaka kuolewa.

Unyenyekevu wa namna hiyo siuoni katika Hesabu 27. Wale dada hawakutukana, hawakususa, wala hawakunyamaza. Waliomba mbele ya kila mtu, na Mungu hakuwaita wenye kiburi.

Kuna dada mwingine ninayempenda, Kittie Knox wa Boston, Marekani, mtu mweusi, fundi wa kushona nguo. Alijiunga na chama cha waendesha baiskeli cha nchi hiyo mwaka 1893. Mwaka uliofuata chama kikaweka kanuni kwamba wanachama wawe weupe tu. Julai 1895 akaenda kwenye mkutano wa chama huko Asbury Park na kadi yake ya uanachama, akiwa amevaa suruali fupi aliyojishonea, wakati wanawake wengi waliendesha na sketi ndefu. Kukazuka ubishi mkubwa. Lakini alikuwa amejiunga kabla ya kanuni ile, na uanachama wake ukathibitishwa. Alifariki mwaka 1900, bado kijana. Kanuni yenyewe ilifutwa rasmi mwaka 1999.

Karibu miaka mia moja baada ya kifo chake! Ndiyo maana nawaomba mfungue pia Yoshua 17:3-4, mahali ambapo wahubiri wengi hawafiki. Musa ameshakufa, nchi inagawanywa, na wale dada wako tena mbele ya Eleazari, mbele ya Yoshua na wakuu, wakisema Bwana alimwamuru Musa kuwapa urithi kati ya ndugu zao. Ahadi walikuwa nayo, tena kutoka kinywani mwa Mungu, lakini ardhi ilikuwa haijafika mikononi mwao. Ilibidi warudi kukumbusha. Mtu aliyewahi kuambiwa "mwakani, dada" anaelewa safari ya pili ina uzito gani, maana ya kwanza unaenda na matumaini mapya, ya pili unajua watu wameshakuchoka. Walirudi hata hivyo, nao wakapewa.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Kwa jirani zetu kabisa! Nilitazama mbio za wanawake kwenye simu, barabara imefungwa kwa ajili yao, watu wamejipanga vilimani wakishangilia. Nilimsifu Mungu, nikalia pia.

Tuombe: Bwana, uliyewasikia mabinti wa Selofehadi, wape dada zetu wa Tabora nguvu ya kurudi tena kuomba. Walainishe mioyo wanaopanga michezo. Amina.

Na kina baba wa kamati ya michezo ya usharika wetu, ombi langu ni mbio za wanawake zitangulie asubuhi, umbali kamili, zawadi sawa. Barua nimeshaiandika upya. Jumapili baada ya ibada nitakuwa mlangoni nayo. Dada anayetaka kuweka sahihi aje na kalamu yake.