Punje za Tasbihi

Mwaka wa 2022 nilikuwa nesi wa zamu ya usiku Kisumu, na mchana nikisomea IELTS, mtihani wa Kiingereza. Ili nikafanye kazi Uingereza, baraza la wauguzi la kule lilitaka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kusoma ni mbio tu, maswali 40 kwa saa moja. Katika kusikiliza, sauti hupita mara moja na hairudi, kwa hiyo mvua ikipiga mabati yetu hapa Kaloleni nilikuwa nafunga kitabu nalala.

Kuzungumza ndiko kulikoninyima raha. Kiingereza nilikijua, ripoti za wagonjwa niliziandika kwacho kila usiku. Lakini kuna mahali unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, kisha uongee peke yako hadi dakika mbili. Mtahini anakutazama tu.

Sikuwa na mtu wa kufanya naye mazoezi. Siku moja baada ya swala ya Alasiri, Nyanya yuko mkekani na tasbihi yake, akaniita.

"Hayo unayoyasemea ukutani, njoo uniambie mimi."

"Nyanya, ni Kiingereza."

"Kwani nitakujibu? Sema nisikie."

Nikamsimulia asubuhi ya Dunga, boti za wavuvi zikirudi. Simu ilipolia, dakika mbili zimekwisha, Nyanya akainua tasbihi.

"Umekwama mara kumi na tisa."

Kila nilipovuta "aaa" alikuwa amesogeza punje. Hakuelewa hata neno, ila alisikia kila mahali pumzi iliponikatikia. Mimi ningeapa ni mara tatu.

"Ukinihadithia mambo ya wodini hukwami," akasema. "Hapo ulikuwa unatafuta nini?"

Nilikuwa natafuta maneno makubwa. Nilikuwa nimeyajaza kwenye daftari, kurasa na kurasa, na kila sentensi ilisimama njiani kungoja moja lifike. Usiku ule nililiacha daftari nyumbani.

Tukaendelea wiki tatu, kila Alasiri kabla sijaenda kazini. Mada akanipa yeye: arusi ya shangazi, mwaka ziwa lilipojaa magugu, ugomvi aliousikia soko la Kibuye. Kwanza nisimulie kwa Kiswahili, acheke au aniulize, ndipo nisimulie kwa Kiingereza. Punje zikawa kumi na mbili, zikawa nane. Kuna siku nilitoka zamu ngumu, tumempoteza mtoto, zikarudi kumi na tano. Siku hiyo hakunihesabia tena. Alinipa chai.

Mtihani niliufanyia Nairobi, nikarudi na basi la usiku. Nilimkuta Nyanya mkekani.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba. Ulikwama mara ngapi?"

"Mbili, nadhani."

Akanitazama, akasogeza punje tano, kisha akanivuta nikae karibu naye.